Ugali wa yanga buku nane??
Jana nimeingia kamgahawa flani huku Sinza wanauza ugali wa njano kama ule wa yanga (unga wa mahindi ya njano) enzi za dhiki, aisee na wale dagaa wa nazi nimesafisha sahani kabisa. Ila bei sasa, buku nane kwa chakula tulichokula kwa lazima! Mwanzo wa miaka ya 80 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshavunjika 77, vita ya Kagera imekomba hela, mafuta yamepanda, fedha za kigeni hakuna, basi sukari na sabuni unapanga foleni duka la kaya (la mgao) toka alfajiri na nguo tunafulia majani ya mpapai. 83 waziri mkuu Sokoine alivyowabana walanguzi watu wakatupa mali usiku. Wahudumu wako slo mno, ila foleni si tulishazoea hahaha. Nyota nne.