HIV iChart ya Liverpool: rangi tu haitoshi, soma na maelezo

Natumia dawa za VVU (ARV), yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir katika kidonge kimoja, na kisukari ninacho pia. Kwa hiyo dawa yoyote mpya ninayoandikiwa naiangalia kwanza kwenye HIV iChart, programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Liverpool inayoonyesha dawa zinavyoathiriana na ARV. Haina malipo.

Unachagua ARV zako, unachagua na hiyo dawa nyingine, unapewa rangi. Nyekundu maana yake zisitumike pamoja, kijani hakuna tatizo linalotarajiwa. Kijivu, ushahidi haujatosha.

Iliyonifaa zaidi ni rangi ya chungwa, yaani dawa hizo huenda zikaathiriana. Wengi wakiiona huogopa na kuacha dawa mojawapo, jambo la hatari, wakati maelezo yake ndiyo yanayokuonyesha namna ya kuzitumia zote mbili. Dolutegravir hupandisha kiwango cha metformin, dawa ya kisukari, kwenye damu, hivyo daktari huipunguza metformin isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Mgonjwa wa TB anayetumia rifampicin huongezewa dolutegravir, miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampicin hulifanya ini liivunje haraka.

Sasa dawa za kiungulia. Hapa naomba msome taratibu. Zile zenye magnesiamu au alumini hunasana na dolutegravir tumboni, mwili usiipate ya kutosha. ARV imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Omeprazole nayo ni ya kiungulia, lakini kwa dolutegravir ni kijani. Kwa anayetumia vidonge vya rilpivirine, ARV nyingine, omeprazole hiyohiyo ni nyekundu! Kwa hiyo jibu la mwenzako usilichukue likawa lako, na andika jina la dawa lililo kwenye boksi, siyo kazi yake.

Upungufu upo. Maelezo ni ya Kiingereza cha kitabibu, na mtu anayehitaji kujua kama madini ya chuma anaweza kuyameza pamoja na dolutegravir (anaweza, akila chakula) asilazimike kutafuta mkalimani. Programu pia haijui figo zako zikoje. Na dawa ya mitishamba iliyochanganywa bila kutajwa kilichomo huwezi hata kuitafuta.

Mimi humwonyesha mfamasia kilichoandikwa, tukakisoma pamoja, ndipo naanza dozi. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mpaka maelezo hayo yapatikane kwa Kiswahili.