Boksi la huduma ya kwanza la 35,000: kwa ukaguzi linatosha, kwa damu halitoshi

Naendesha semi, Dar hadi Tunduma. Boksi hili nililinunua Kariakoo, lile jekundu la plastiki ngumu, likakaa nyuma ya siti miezi mitano bila kuguswa. Trafiki wakiuliza, naonyesha, tunaendelea na safari.

Siku niliyolihitaji ilikuwa jioni, tunapandisha Kitonga. Kijana wa bodaboda kagongana na kenta kwenye kona, paja limepasuka, damu inaruka kila moyo ukipiga. Tingo akakimbia na pembetatu na matawi kuzuia magari, mimi nikafungua boksi.

Glavu zilikuwepo jozi moja, imara. Basi. Gozi, vile vitambaa vya kufunika kidonda, tano ndogo, upana wa kiganja cha mtoto, zote zikalowa papo hapo. Bandeji mbili nyembamba za kufungia kidole. Mkasi ulishindwa kukata jinzi, ikabidi nichane kwa kisu cha matunda. Nafasi iliyobaki wamejaza plasta, pamba na panadol. Pamba inaacha nyuzi ndani ya kidonda, na panadol haizuii damu. Aliyepanga vitu hivi hakumfikiria mtu aliyelala barabarani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichomsaidia yule kijana ni kanga. Mama mmoja alishuka kwenye basi lililosimama nyuma yetu, akavua ya begani, akanipa. Nikaikunja mara nne, nikaikandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili na uzito wangu wote, bila kuinua kuchungulia. Ya pili tukaifunga juu yake, tukakaza. Watu walitaka wamkalishe wampe maji. Nikawaomba sana wasifanye hivyo, shingo yake hatukujua ikoje, na mtu anayeelekea kuzimia maji yanampalia. Tukambeba watu watano, amenyooka, kichwa kimeshikwa, akapelekwa hospitali Ilula kwa gari aina ya Noah. Alifika anaongea.

Ukiniuliza ununue au usinunue, nunua, kasha lenyewe ni zuri, vumbi wala maji hayaingii. Ila ukitoka hapo pita duka la dawa. Langu sasa lina gozi kubwa, bandeji pana nane, mkasi mnene wa kukata nguo, tochi, kanga mbili safi kwenye mfuko wa nailoni, na glavu jozi sita, kwa sababu siku ile tingo wangu alishika ule mguu kwa mikono mitupu.