Huduma Centre ya Kisumu kwa anayeacha kazi kwenda ng'ambo: inamfikisha wapi?

Anayetoka Kisumu kwenda kuanza maisha Doha, Berlin au Toronto hupita Huduma Centre, kituo cha serikali chenye huduma nyingi mahali pamoja, kabla hajaona mlango wa ndege. Hapa kituo hicho kinapimwa kwa kazi moja tu: kumtoa mtu nchini akiwa na karatasi safi, bila deni la kumfuata huko aendako.

Kwa kupiga alama za vidole, na kwa madawati ya NSSF (akiba ya uzeeni), HELB (mikopo ya wanafunzi) na KRA (kodi) kuwa chini ya paa moja, kinafaa sana, hasa kwa anayetoka Siaya au Vihiga kwa matatu ya alfajiri na anataka kurudi siku hiyo hiyo. Lakini karatasi inayohitaji muhuri wa mwisho haimalizikii Kisumu. Safari ya Nairobi ipo palepale. Na hasara kubwa huwapata watu kabla hata hawajashika namba ya foleni, kwa sababu barua ya kuacha kazi imeshakabidhiwa huku pasipoti haijaombwa.

Tuanze na duka la saiba, yaani la intaneti, maana huko ndiko mambo huharibika. Karibu kila huduma huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Vijana wa saiba ni wepesi, lakini wengine hufungua akaunti ya mteja kwa barua pepe ya duka na namba ya simu yao wenyewe. Miaka miwili baadaye uko Riyadh, mwajiri anataka cheti kipya cha mwenendo mwema, na namba ya siri inatumwa kwa kijana aliyeacha kazi ya saiba zamani. Akaunti iwe ya kitambulisho chako, barua pepe yako, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Malipo ya serikali huenda kwa namba ya malipo 222222. Anayekutajia namba ya simu ya mtu, hata kama amevaa beji, mwache.

Cheti cha mwenendo mwema ndiyo huduma inayofaa zaidi hapa. Unaomba kwenye eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 pamoja na ankara ya malipo. Fomu hiyo ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukileta karatasi mbili zilizobanwa kwa pini utarudi saiba. Beba kitambulisho halisi na nakala yake. Vidole hupigwa kimoja kimoja, kisha alama hupelekwa makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi) Nairobi kulinganishwa na kumbukumbu za uhalifu, na cheti hutokea kwenye akaunti yako. Kwa kawaida subiri kama wiki mbili.

Wanaorudishwa kupigwa upya ni wale ambao mistari ya vidole imelika: fundi wa mawe, mama anayeparua samaki, mvuvi anayevuta nyavu, mkulima wa miwa aliyetoka shambani wiki hiyo. Simenti na chumvi hukausha ngozi, mistari inakatika, wino unajaza nyufa badala ya kuonyesha mikunjo. Dawa yake ni kupumzisha mikono siku nne au tano na kuipaka mafuta ya mgando kila usiku. Siku yenyewe usipake chochote. Nawa kwa sabuni na ukaushe kabisa, kwa sababu kidole chenye mafuta huteleza na wino husambaa. Ukipigwa, legeza mkono umwachie afisa auzungushe. Wanaomsaidia kwa kubonyeza ndio hutoa alama nyeusi tititi isiyosomeka.

Usikimbilie cheti hiki mapema mno. Balozi na waajiri wengi hutaka kilichotolewa miezi michache iliyopita, kwa hivyo ukikichukua mwaka mzima kabla ya safari utalipa mara mbili. Pasipoti kwanza, hiki baadaye.

Pasipoti ni kazi ya ofisi ya uhamiaji, na Kisumu inayo, kwa hivyo Nyayo House, ofisi ya uhamiaji ya Nairobi, unaweza kuisahau kwa hatua hii. Ada ilipanda mwaka 2024: kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,500, cha kurasa 50 ni 9,500, na juu yake 50 za eCitizen. Mtu wa mkataba wa kazi hahitaji zaidi ya kurasa 34, kwani viza yake ni moja na anasafiri mara chache. Kurasa 50 waachie wanaofuata bidhaa Kampala na Dubai kila mwezi. Unafika na fomu iliyochapishwa, ankara, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi na nakala, picha, na nakala ya kitambulisho cha anayekupendekeza. Anayekupendekeza awe mtu anayepatikana kwa simu. Usiweke jina la mheshimiwa ili kujionyesha.

Muda wa kungoja haubashiriki. Mwaka 2023 mashine za kuchapisha pasipoti ziliharibika na maombi yakarundikana kwa maelfu nchi nzima. Hali imetengemaa tangu wakati huo, ila kitu kilichokwama mara moja kinaweza kukwama tena, na tarehe ya ndege haingoji mashine.

Kinachochelewesha wengi wa upande huu wa nchi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Atieno, kitambulisho kinasema Akinyi Atieno, cheti cha shule kimeongeza jina la ubatizo ambalo halipo kwingine. Ukizaliwa kijijini na jina likaandikwa na karani aliyesikia vibaya, herufi moja inatosha: Wafula na Wafulah ni watu wawili mbele ya mashine. Tofauti ndogo huweza kutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina lenyewe kunahitaji hati iliyosajiliwa Nairobi na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, jambo linalokula wiki nyingi. Panga karatasi zako zote mezani, soma kila jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia, kabla hujalipa senti popote.

Sasa madawati ya madeni, ambayo wengi huyapita kama hayapo. HELB hutoza shilingi 5,000 kila mwezi kwa aliyeacha kulipa, na kuhama nchi hakuizuii hesabu hiyo. Pata taarifa ya deni na upange kulipa kila mwezi kabla hujaondoka. KRA nayo: ukiacha kazi Agosti, mwajiri akupe fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ya Januari hadi Agosti, kwa maana ritani ya kodi ya mwaka huo utaijaza kufikia Juni 30 mwaka unaofuata, ukiwa tayari ng'ambo. Ukichelewa, faini huanzia shilingi 2,000. Kumtafuta mhasibu wa zamani kutoka Ujerumani ni adhabu tosha.

Katika dawati la NSSF watu hutoka wamenuna, na si kosa la wahudumu. Malipo ya mwanachama anayehama yapo, ila ni ya anayeondoka moja kwa moja bila nia ya kurudi kuishi Kenya. Mkataba wa miaka miwili wa Saudia si kuhama. Pesa zako zitangoja; chukua taarifa ya michango, uhakikishe hakuna mwezi ambao mwajiri alikata asiwasilishe, maana kudai ukiwa hapa ni rahisi zaidi.

Upungufu wa kituo ni kwamba kila dawati hujua mambo ya taasisi yake tu. Hakuna anayekwambia kipi kitangulie. Utajulishwa namna ya kulipa HELB, lakini hutaambiwa kwamba muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na kipimo cha kifua kikuu cha IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) kwa wanaoenda Uingereza vyote viko Nairobi, na kwamba ukivipanga vizuri safari moja au mbili za basi la usiku zitatosha badala ya sita. Wala halipo dawati la kumzuia ajenti anayeuza nafasi za kulea wazee Uingereza, ilhali njia hiyo ya viza ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Leseni ya ajenti iangalie kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha uangalie kama kazi yenyewe bado ipo.

Barua ya kuacha kazi iandike viza ikiwa mkononi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake umetaja muda mrefu zaidi. Anayeondoka ghafla hulipa mshahara wa siku hizo. Ndani ya siku hizo 28 dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa. Kwa kumpa pasipoti wiki nane na viza wiki nne au sita, mtu wa Kisumu anayetaka kuruka Januari aanze na meza ya majina mwezi wa Agosti. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku kumi kabla ya ndege. Kadi yake hudumu maisha yote, kwa hivyo hiyo pekee haina hatari ya kuwahi mno.