TokyoDev kwa anayetafuta kazi ya programu Japani: lebo mbili zinazookoa miezi

Kwa mhandisi wa programu aliye nje ya Japani, TokyoDev, tovuti ya matangazo ya kazi za programu nchini humo, ndipo pa kuanzia. Thamani ya tovuti hii iko kwenye lebo mbili za matangazo yake: kama Kijapani kinahitajika, na kama kampuni inapokea maombi kutoka ng'ambo au inawataka wakazi wa Japani tu. Kwenye tovuti kubwa za ajira mambo hayo hufichika, na mtu hutuma wasifu mara hamsini bila kujua kwamba aliondolewa tangu mwanzo. Chuja kwa lebo hizo kwanza, ndipo usome habari za lugha za programu kama Go au Ruby. Anayetafuta kazi halipi chochote. Wanaolipa ni waajiri. Kasoro yake ni kwamba nafasi nyingi ni za wazoefu, hivyo anayetoka chuoni leo ataambulia chache.

Mshahara, hata hivyo, utausoma mwenyewe, tena kwa makini. Yeni milioni 6 kwa mwaka zikigawanywa kwa 12 ni 500,000 kwa mwezi. Kampuni yenye bonasi ya mishahara ya miezi minne itazigawanya kwa 16, na mkononi kila mwezi zitakuja 375,000 kabla ya makato; zilizobaki husubiri bonasi ya kiangazi na ya Desemba. Kisha tafuta maneno "minashi zangyo", yaani saa za ziada zilizokwisha kuhesabiwa ndani ya mshahara. Sheria inamtaka mwajiri ataje ni saa ngapi, ni yeni ngapi, na kwamba zinazozidi hapo zitalipwa. Tangazo likisema tu "zimejumuishwa", omba takwimu kwa maandishi kabla ya usaili wa mwisho. Hili ndilo swali linaloogopwa bure: mwajiri safi hulijibu papo hapo.

Kuhusu usaili wenyewe, Tokyo iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Ukipangiwa saa nne asubuhi ya kwao, Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi alfajiri. Omba saa kumi jioni ya kwao, kwako iwe saa nne asubuhi. Wengi hujiandaa kwa jaribio la kuandika msimbo na kuangushwa na swali jepesi: kwa nini kampuni hii? Kumleta mtu kutoka ng'ambo ni gharama, na msaili anapima kama utaondoka baada ya mwaka. Kuipenda katuni ya Kijapani hakumtoi hofu. Tumia bidhaa yao, kisha eleza sehemu moja ambayo ungeirekebisha na namna ya kuirekebisha.

Ukipata kazi, kampuni hukuombea uhamiaji hati ya ustahiki, ambayo ndiyo unayoipeleka ubalozini kuombea viza. Kwa kawaida huhitajika shahada inayohusiana na kazi, au uzoefu wa miaka 10. Hati hudumu miezi 3 tangu itolewe, muda wa kuaga kazini, kwa hiyo usiache kazi ya sasa kabla haijatoka.

Na bajeti ipigie hesabu ya miaka miwili. Kodi ya ukazi, "juminzei", ni takriban asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, nayo hufuata mapato ya mwaka uliopita. Aliyefika Aprili 2025 huanza kukatwa Juni 2026, na mshahara wa mkononi hushuka mwezi huohuo.