TAHADHARI: Anayechukua picha za zamani majumbani kwa ahadi ya kuzitia rangi, Moshi na Arusha

Ndugu wakazi wa Moshi na Arusha, kuna kijana anayepita nyumba kwa nyumba, hasa Majengo na Pasua, akijitambulisha kuwa fundi wa kutia rangi picha za zamani za nyeusi na nyeupe kwa kompyuta, na ndugu walioko Ngarenaro wameniambia kwamba huko pia amefika. Hulenga nyumba zenye wazee. Huonyesha sampuli za kuvutia kwenye simu yake, huchukua picha halisi pamoja na nusu ya malipo, kisha huahidi kurudi baada ya wiki moja.

Shangazi yangu alimkabidhi picha ya marehemu baba yake iliyopigwa hapa Moshi wakati wa sherehe za Uhuru, Desemba 1961, akiwa ameshika kibendera. Nakala iliyoletwa ilikuwa na kibendera cha bluu na kahawia, ilhali bendera ya Tanganyika ilikuwa ya kijani na nyeusi yenye michirizi ya dhahabu. Uso ulikuwa na rangi ya chungwa, mikono imebaki kijivu, na rangi ya shati imevuja hadi shingoni. Baya kuliko yote, kovu la kwenye paji la uso lilikuwa limefutwa na sura kulainishwa, hata shangazi akasema, "Huyu si baba." Alipodai picha yake halisi, aliambiwa iko studio Arusha na kwamba atume shilingi 20,000 ili ipakiwe kwenye basi. Alipokataa, simu ya kijana huyo haikupatikana tena.

Ni vyema kila mmoja aelewe kazi hii inavyofanyika, kwa sababu utapeli huu unategemea watu kutoijua. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilihifadhi mwanga na kivuli tu, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kuitoa rangi ya kanga ya bibi yako ndani ya picha hiyo. Programu za kutia rangi zenyewe hukisia kutokana na picha nyingi za rangi zilizofunzwa nazo. Tangu mwaka 2020 hata Photoshop, programu ya kuhariri picha, ina kichujio cha namna hiyo, na kazi huisha kwa muda mfupi sana. Kukitumia si kosa, bali kosa ni kumtoza mzee fedha za kazi ya mkono kwa kazi ya kubofya kitufe.

Fundi wa kweli huskani picha, walau kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), akakurudishia picha yako hapohapo. Husafisha mikwaruzo, kisha hutengeneza tabaka la rangi kwa kila kitu peke yake, yaani ngozi, nguo, ukuta na majani, huku mwanga na kivuli vya picha ya asili vikibaki vilevile. Kabla ya yote hayo atakuuliza maswali mengi: shati lilikuwa la rangi gani, nyumba ilipakwa chokaa au rangi? Kijana huyu hakuuliza hata swali moja.

Kwa hiyo, usimpe mtu yeyote picha halisi aondoke nayo. Nenda nayo mwenyewe studio, isubiri iskaniwe, na umwombe fundi akufungulie kwenye kompyuta kazi aliyowahi kufanya, azime na kuwasha matabaka ukiona kwa macho yako, kwa kuwa sampuli za kwenye simu mtu yeyote anaweza kuzichukua intaneti.

Ambaye tayari ameshatoa fedha asifute ujumbe wa muamala. Atoe taarifa polisi na kupewa namba ya RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni), kisha atume namba ya simu ya kijana huyo kwenda 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa simu. Waliochukuliwa picha naomba waniandikie kwa faragha wakitaja mtaa na mwezi, ili tupeleke malalamiko yetu polisi kwa pamoja, kwani tunachodai kwanza si fedha bali picha zetu.