Tahadhari: anemoni wa njano na waridi wanaouzwa mtandaoni wametiwa rangi

Mnaofuga samaki wa maji ya chumvi, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna wauzaji wanaotangaza anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, anayejishikiza kwenye jiwe au mchanga) wa njano ya limau, waridi kali au buluu ya kung'aa, mwili mzima rangi moja, huku wakisema ni "aina adimu" na "wamebaki wawili tu". Si aina adimu. Ni anemoni waliopauka kisha wakatumbukizwa kwenye rangi, na wengi hufa baada ya wiki au miezi michache hata wakiwekwa kwenye tangi zuri.

Sababu ni hii. Anemoni wanaoishi na samaki hubeba ndani ya nyama yao mwani mdogo sana uitwao zooksanthela. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya nguvu za anemoni hutoka humo. Rangi yake ni ya kahawia, ndiyo maana anemoni mzima karibu kila mara ana weusiweusi wa kahawia chini ya kijani, zambarau au wekundu wake. Akipata joto kali, akikaa gizani siku nyingi kwenye boksi la kusafirishia, au chumvi ikipanda na kushuka ghafla, huutema mwani huo na kubaki mweupe. Rangi ya kutiwa huonekana vizuri juu ya mnyama aliyepauka, kwa hiyo wanaanza na mgonjwa. Wewe unauziwa mnyama mwenye njaa, na juu yake kuna rangi inayozuia mwanga usiufikie mwani kidogo uliobaki. Rangi ikichujuka, unaona weupe uliokuwa umefichwa.

Anayejua rangi za asili hadanganyiki kirahisi. Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba kama puto, huwa kahawia, kijani, au mwekundu wa waridi. Shina lake ni laini, halina vijipele, na mguu wake hujibana ndani ya ufa wa jiwe. Heteractis crispa ana minyiri mirefu iliyochongoka, shina gumu kama ngozi lenye vijipele vinavyonata, na mguu wake huzama kwenye mchanga. Kwa asili ni kahawia, kijivu au zambarau iliyofifia, ncha zikiwa za zambarau au buluu. Huyu ndiye anayetiwa rangi mara nyingi, pamoja na Heteractis malu mwenye minyiri mifupi. Heteractis magnifica hukaa wazi juu ya jiwe na shina lake lina rangi kali ya zambarau, nyekundu au kijani, lakini minyiri yake haifanani na shina. (Siku hizi aina hizi tatu huandikwa pia kwa jina la Radianthus. Muuzaji akitumia jina hilo si kosa.) Stichodactyla haddoni, anayetandazika mchangani kama zulia, anaweza kweli kuwa buluu, zambarau au mwekundu, na kwa sababu anauzwa ghali, huyo naye huigizwa kwa rangi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama ni tofauti ya rangi kati ya sehemu na sehemu. Anemoni wa asili ana shina la rangi moja, sahani ya kuzunguka mdomo ya rangi nyingine, na mnyiri unaobadilika kutoka chini hadi ncha. Ukiona njano ileile kwenye ncha, sahani, mdomo na shina, achana naye.

Usikubali kumwona chini ya taa ya buluu peke yake. Taa hiyo hufanya kijani hafifu king'ae na kuficha weupe wa mnyama aliyepauka. Ukiwa dukani, omba taa nyeupe iwashwe au ummulike kwa tochi ya simu. Ukinunua kwa mbali, omba video ya taa nyeupe isiyokatwa, yenye karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya siku hiyo kando ya tangi, na katika video hiyohiyo anemoni apewe kipande cha kamba wa baharini. Anemoni mwenye nguvu hunasa kipande mara moja na kukipeleka mdomoni ndani ya dakika chache. Aliyechoka hukiacha kidondoke. Muuzaji mkweli hawezi kukunyima video ya namna hiyo. Akikupa picha tu, tena picha uliyokwisha kuiona kwenye matangazo ya watu wengine, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mdomo uwe umefunga. Anemoni hufungua mdomo kidogo anapotoa uchafu, kwa hiyo msubiri kwa dakika 15 kabla ya kumhukumu. Ukibaki wazi na matumbo yananing'inia nje, huyo anakufa. Mguu utazame kwa makini kuliko mdomo. Anayebanduliwa kwa bisibisi kutoka kwenye jiwe huchanika mguu, na jeraha la mguu huoza haraka. Hili huonekana sana kwa wanaouzwa "moja kwa moja kutoka baharini" huku pwani yetu. Tukumbushane pia kwamba ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite hairuhusiwi kumng'oa hata mmoja. Na katika miaka ya joto kali la bahari kama 1998 na 2016, matumbawe na anemoni walipauka katika Bahari ya Hindi. Akitokea mtu akakuuzia "anemoni mweupe wa pekee", ujue weupe huo ni ugonjwa.

Sasa maji ya mfuko aliosafirishiwa, mahali ambapo wengi huibiwa bila kujua. Mimina maji hayo kwenye bakuli jeupe. Yakiwa na njano au waridi, ushahidi unao mkononi: piga picha na uhifadhi kidogo kwenye chupa safi. Usichanganye na nyuzi au ute wa kahawia. Huo ni mwani unaotemwa kwa msukosuko wa safari, si rangi. Kisha pima chumvi. Wauzaji wengi huendesha matangi yao kwa 1.018 hadi 1.020 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) ili kuokoa chumvi na kupunguza vimelea vya samaki, wakati anemoni anataka 1.025 hadi 1.026. Ukimtoa kwenye 1.019 na kumtumbukiza kwenye 1.025 siku hiyohiyo, atasinyaa na kutema mwani, na muuzaji atasema tangi lako ndilo bovu.

Kama mfuko ulifungwa kwa saa moja au mbili tu, mzoeshe kwa matone ya maji ya tangi lako: mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, matone 2 hadi 4 kwa sekunde, dakika 60 hadi 90. Kama amesafiri usiku kucha, usifanye hivyo. Mfuko ukifunguliwa hewa chafu hutoka, pH (kipimo cha uasidi wa maji) hupanda, na amonia ya uchafu wake iliyokusanyika humo hugeuka sumu kali. Andaa mapema maji safi ya chumvi na joto sawa na ya mfuko, mhamishie humo mara moja, halafu pandisha chumvi kwa 0.002 kwa siku.

Muuzaji anayesema anemoni "hana shida, tangi la wiki mbili linatosha" naye ni wa kuepukwa. Tangi liwe limetimiza miezi 6, na mwaka ni bora zaidi. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27, amonia na naitraiti sifuri, naitreti chini ya 10 mg kwa lita, na alkali 8 hadi 11 dKH bila kuyumba. Mwanga uwe PAR (kipimo cha mwanga ambao mwani hutumia) 150 hadi 350 kwa Entacmaea, na zaidi kwa magnifica. Kila pampu ya mkondo ivishwe sponji au wavu, maana anemoni mgeni hutembea usiku, na akinyonywa na pampu hukatikakatika na kuchafua maji yote. Dawa yenye shaba isiwe imewahi kutumika humo, kwani humuua.

Uliyekwisha kumnunua aliyetiwa rangi, usimtupe. Weka mkaa wa kuchujia ili unase rangi inayotoka, na uubadilishe kila wiki. Anza na theluthi moja ya nguvu ya taa, kisha pandisha taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Mwanga mkali wa ghafla humuunguza aliyepauka. Mlishe kila baada ya siku 2 au 3 kipande kibichi cha kamba, samaki au ngisi kisichozidi milimita 5. Vipande vikubwa atavitapika kesho yake na atakuwa amepoteza nguvu bure. Akitapika, punguza ukubwa kwanza, si idadi ya siku. Badilisha maji asilimia 10 kila wiki. Dalili njema ni kahawia hafifu kuanza kuonekana chini ya minyiri, na hilo huchukua miezi. Akianza kuyeyuka, kunuka na kuacha vipande kila akiguswa, mtoe saa hiyohiyo. Anemoni wa sentimita 20 akiozea kwenye tangi la lita 150, amonia yake inaweza kumaliza samaki wote usiku mmoja.

Kuna hila nyingine mbili. "Anemoni wa maji baridi", yaani yasiyo na chumvi, anayetangazwa kwa matangi ya samaki wadogo kama guppy ni silikoni, au ni mnyama wa baharini atakayekufa kwenye maji hayo. Na "watoto wa anemoni" wa kahawia wanaopitisha mwanga, wenye shina jembamba la sentimita 1 hadi 3, wanaojikunja kwa kasi ukiwakaribia, mara nyingi ni Aiptasia. Huyo ni anemoni mdogo wa kero: ukimkata, kipande kinachobaki kwenye jiwe hukua tena, na baada ya miezi michache atakuwa kila pembe akichoma matumbawe yako.

Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi dhamana ya siku 7, na mwachie muuzaji malipo ya awali ili mnyama akae kwake wiki nzima akila. Wa rangi ya kutiwa, wiki hiyo huenda ikatosha ncha zake kuanza kufifia.