Mkuku umepinda, halafu naulizwa kama naijua kazi

Nilitaka kuipa seti hii ya kuunda modeli ya jahazi nyota moja, nikajizuia. Kisha nikataka tena.

Ni ya Bluenose, lile jahazi la uvuvi la Kanada lililoshushwa majini mwaka 1921, likawa linawaacha wenzake kwenye mashindano mpaka wakalichora kwenye sarafu ya senti 10. Yangu, kwa jinsi ilivyotoka kwenye boksi, ingezunguka palepale kama pia.

Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini wa jahazi, ulikuja umepinda. Niliulaza juu ya kioo, ukanyanyuka katikati. Nikapima kwa rula: milimita 3. Utasema milimita 3 ni nini? Kipimo ni 1:64, ndugu yangu. Kwenye jahazi lenyewe hiyo ni sentimita 19! Fundi gani angesimamisha mataruma, zile mbavu za jahazi, juu ya mkuku kama huo?

Nikawaandikia wauzaji, na picha juu. Kimya siku kadhaa, kisha mistari miwili: mbao ni kitu cha asili, hupinda, je, umeshawahi kuunda modeli? Umeshawahi! Hata salamu hakuna. Na wala si mbao, ni plaiwudi, ambayo nyuzi za tabaka zake hupishanishwa makusudi ili isipinde. Niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Sikurudisha, kwa ukaidi tu. Nikaulowanisha kwa maji ya moto, nikaubana kati ya vibao viwili vilivyonyooka, juu nikarundika vitabu. Baada ya kama wiki ukanyooka, au tuseme karibu. Mataruma yalipoingia na gundi kukauka, ukatulia.

Lakini haki yao niwape: zile mbao nyembamba za ubavuni ni tamu kufanyia kazi. Unaloweka moja, unaipindisha polepole kwenye omo, yaani mbele ya jahazi, unaipunguza upana kuelekea nchani, unaishikilia kwa vidole mpaka gundi ikubali. Ya tano ilikaa bila mwanya hata wa wembe, nikajikuta nacheka peke yangu usiku wa manane. Nyota nne, nikasema. Hata yule mwenye mistari miwili nilimsamehe.

Juzi ukaja mkuku mwingine, bila barua, bila pole. Nimeulaza juu ya kioo kilekile.

Milimita 4.